Siwa ya Jumbe Mwinyikambi

Sogeeni, na mwoga akalale kwa bibi yake. Hadithi yangu haibembelezi mtu!

Zimwi liliingia kisima cha mji wa Jumbe Mwinyikambi. Dawa yake ilikuwa siwa, pembe ya enzi, ambayo Jumbe peke yake ndiye huipuliza. Ikilia, zimwi hufa, lakini mpulizaji hapati sauti tena. Na Jumbe yule, jamani, alivyoipenda sauti yake! Hata akipiga chafya alitaka ashangiliwe.

Zimwi likameza mfinyanzi. Watu wakalia, "Jumbe, puliza!"

"Tukae barazani kwanza," akajibu, akahutubia mpaka kahawa ikapoa.

Likameza msusi. "Jumbe, puliza!"

"Tukae barazani kwanza."

Mara ya tatu likamvuta kisimani Mwanakheri, binti yake Jumbe. Watu wote wakatimua mbio. Jumbe hakutaka baraza tena. Alipuliza siwa hadi mishipa ikamtoka shingoni, na zimwi likayeyuka kama samli juani.

"Baba!" Mwanakheri akaita kutoka kisimani. Alikuwa hai, ameng'ang'ania jiwe gizani. Jumbe akateremsha kamba, ikaning'inia nyuma ya mgongo wa binti, asiione.

Geuka, mwanangu, alitaka kusema. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka, na hapakuwa na mtu wa kumsemea.

"Baba, upo? Nimechoka! Niitikie!"

Jumbe akapiga ukuta wa kisima kwa ngumi. Huko chini mtoto akadhani zimwi linarudi. Kwa hofu akaachia jiwe, akazama.

Hadithi yangu imeishia kisimani. Mwenye kiu akachote.