Kisima cha Mwambekuu na Babu wa Sultani

Palikuwa na sultani aliyeitwa Shekuwe, ana majumba mpaka mengine hajawahi kulala ndani, lakini roho yake ikatamani Mwambekuu. Kijiji chenyewe kidogo, ukipiga chafya upande huu unaombewa dua upande wa pili. Kina msikiti wa mawe ambao kibla chake kimeinama kama ajuza anayetafuta sindano, kina kaburi la nguzo lililopachikwa bakuli za Kichina, na kina kisima cha ngazi, maji yake matamu, hata waliofunga hukipita mbali wasije wakatamani. Basi!

Sultani akaja na kadhi wake, akawekewa kiti penye kisima, akatangaza: "Msikiti, kaburi, kisima, vyote kajenga babu yangu. Alipofika hapa palikuwa pori tupu, hapana mtu, hapana kuku. Nyinyi wavamizi tu. Ikifika Ijumaa muwe mmehama, najenga hapa bustani ya kupungia upepo."

Wanaume wakatazama vidole vya miguu. Jumbe wao akakohoa, ikawa kikohozi tu.

Ndipo akajitokeza Somoe, mfinyanzi wa vyungu, juzi tu katoka arobaini ya uzazi, mtoto mgongoni. Kibanda chake kimeegemea ukuta wa kisima. Kikivunjwa hicho, mtoto alale wapi? Alikuwa na hofu, wenzangu, na Somoe akiogopa ulimi humtangulia mbio.

"Shikamoo maulana, nisamehe, mimi sijui kitu, swali moja tu, dogo hivi, halafu nakwenda kufunga mizigo: babu yako alipofika, hapakuwa na mtu kabisa?"

"Kabisa."

"Maskini wee! Mtu mkubwa vile! Hakuna karibu, hakuna starehe, kaingia tu kama mbuzi aliyekata kamba, kala mabungo porini, kalala na siafu..."

"Koma!" Sultani kasimama, kilemba kimekwenda upande. "Babu yangu, mbuzi? Babu yangu alipigiwa siwa, baragumu la wakubwa!"

"Siwa! Kweli, maulana?"

"Siwa na ngoma! Akanawishwa mikono kwa maji ya waridi!"

"Lo, akanawa halafu akakaa na njaa..."

"Njaa gani? Alikula wali wa nazi na kuku wa kupaka!"

Kadhi akamvuta joho. "Maulana, ulisema hapakuwa na kuku..."

"Nyamaza nawe!"

"Haya, amekula, ameshiba, alhamdulillahi," Somoe akasema bila kuvuta pumzi, huku anamtikisa mtoto. "Lakini kulala, jamani! Kulala peke yake, ugenini, na baridi ile, hana hata wa kumfunika shuka..."

"Peke yake? Siku ileile aliozwa binti mzuri asiye mfano, ndiye bibi yangu mzaa baba!"

"Aliozwa?"

"Aliozwa!"

"Na nani, maulana?"

"Na wenyeji! Nani mwingine?"

Hata mtoto mgongoni aliacha kunyonya kidole. Kadhi akainama, akajifanya anatafuta tasbihi, na tasbihi iko mkononi mwake.

Sultani akaona alipotumbukia. Akageuka huku, akageuka kule, akapata la kusema. "Ulimi umeteleza! Hapakuwa na wenyeji. Walikuwa... walikuwa nyani! Ndiyo, nyani wa porini ndio waliompokea babu yangu! Kadhi, hukumu!"

Somoe akapiga goti, adabu tele.

"Nimekubali, maulana, walikuwa nyani. Kijiji chako, na mizigo naifunga sasa hivi. Ila nijibu hili moja, nisije nikaulizwa njiani nikakuaibisha: yule bibi yako mzaa baba, siku ya harusi yake, alitokea mlango upi, au alishuka mti upi?"