Bi Kanga na Albamu ya Mwisho ya Vyura

Sogeeni, niwape habari za mwaka ule ambao hata machozi yaliazimwa. Mvua iliikataa nyika, kijito kikabaki mchanga, na kinamasi kikapasuka kama kisigino kisichojua mafuta. Maji yote yaliyobaki yalikuwa kwenye mtungi mmoja mkubwa katikati ya uwanja. Simba akaamuru kwamba maji hayo ni ya watoto tu, kata moja kwa kila mtoto, mpaka kisima kichimbwe.

Sasa, wanyama wa nyika ile walikuwa na desturi yao. Kisima hakichimbwi kimyakimya. Bendi hupiga, wanyama hukanyaga ardhi kwa mdundo, na udongo ukishalegea ndipo kucha na pembe huingia kazini. Bendi yenyewe ilikuwa moja tu, Radi ya Kinamasi, bendi ya roki ya vyura, wazee sasa, wenye magitaa yaliyochubuka na mpiga ngoma ambaye magoti yake yalilia kabla ya ngoma. Wakaitwa, wakaja wakijikokota. Mwimbaji wao, Mzee Kororo, akauliza swali lililoonekana dogo.

"Tupige zipi, wapendwa? Za albamu za zamani, au za hizi za mwisho?"

Hapo ndipo kisima kilipokwama.

Wa kwanza kujibu, kama kawaida yake, alikuwa Bi Kanga, yule ndege wa madoa. Hakuwa na pembe, hakuwa na nguvu, na sauti yake ilikuwa ya bawaba isiyotiwa mafuta, lakini alikuwa na cheo: shabiki wa kwanza wa Radi ya Kinamasi. Cheo alijipa mwenyewe. Madoa meupe mwilini mwake, alisema, ni tope lililomrukia siku bendi ilipopiga albamu yake ya kwanza, yeye akiwa mstari wa mbele. Kila aliyezaliwa nyikani aliisikia habari hiyo kabla ya kusikia jina lake mwenyewe. Kobe alikuwa na neno kidogo kuhusu siku hiyo, ila Kobe husema polepole, na kila alipofika katikati ya sentensi Bi Kanga alikuwa ameshahamia baraza nyingine.

"Baada ya albamu ya tatu bendi ilikufa," alisema Bi Kanga. "Hawa mnaowaona ni maiti wenye magitaa."

Mzee Kororo, aliyekuwa amesimama palepale, aliitazama miguu yake.

Fisi akapinga. Yeye alizipenda albamu za mwisho kwa sababu zilikuwa ndefu. Muziki aliupima kama anavyopima mzoga, kwa kuangalia utamshibisha hadi lini. Akaeleza, mate yakimdondoka, kwamba kwenye albamu ya mwisho kuna wimbo uitwao "Magoti ya Mvua". Katikati ya wimbo ule bendi nzima hunyamaza ghafla, kimya kabisa, kisha hurudi kwa kishindo. Kimya kile, alisema, ni kitamu kuliko uboho. Hakuna aliyemsikiliza. Nani amsikilize Fisi kwenye mambo ya ladha?

Simba akasema yeye anautambua wimbo mmoja tu, ule unaosifu manyoya ya shingo yake, na nyimbo zilizobaki ni kelele za dimbwini. Nyati akaudhika, Ngiri akamtetea Nyati, na kabla jua halijahama, ndugu wa tumbo moja walikuwa hawasemezani kwa sababu ya gitaa la albamu ya tano.

 Sungura alikuwa akiutazama udongo mgumu, kisha akivitazama viganja vyake laini. Bendi hakuipenda, kisima hakukipenda, lakini mabishano yale aliyapenda sana. Akasimama, akakohoa.

"Ndugu zangu, jambo hili halitaki haraka. Tukikanyaga kwa wimbo usiofaa tutapata vumbi. Panahitajika mwamuzi anayezijua albamu zote. Mimi hii ya mwisho nimeisikiliza mpaka naiota."

Wakamfanya mwamuzi. Mwamuzi, akasema, lazima akae kivulini ili akili isichemke, na kivuli kilichokuwepo kilikuwa cha mtungi. Akakaa, akaliegemeza shavu kwenye mtungi, sikio lake refu likalala juu ya kifuniko. Chini ya sikio hilo alificha mrija wa tete. Kila mnyama alipotoa hoja, Sungura alifumba macho, na mashavu yake yakabonyea. Wanyama wakanong'onezana: mtazameni anavyofikiri.

Hoja zikaendelea, jua likizama na kuchomoza. Kata ya watoto ikawa nusu kata, kisha unyevu tu wa kulamba. Wakubwa wakalilaumu jua. Na aliyemfaa Sungura kuliko wote alikuwa Bi Kanga. Kila maneno yalipoelekea kwisha, Sungura alifungua jicho moja.

"Hebu tukumbushe, shangazi. Si wewe uliyekuwepo?"

Basi Bi Kanga hukunjua mabawa, akaanza upya tangu tone la kwanza la tope.

Alikuwa katikati ya maneno hayo pale kifaranga wake wa mwisho alipokuja na kumvuta unyoya. Mdomo wa mtoto ulikuwa wazi na ulimi mkavu.

"Mama, kisima kimefika wapi?"

"Ngoja, mwanangu. Tupo kwenye albamu ya nne."

Kifaranga akaketi chini ili angoje. Kisha akalala ubavu. Bi Kanga alimgusa kwa mdomo, mtoto hakunyanyuka. Kwa mara ya kwanza tangu aanguliwe, Bi Kanga alisahau alipoishia.

Kusema amekosea hakuweza. Neno hilo halikuwa na njia kooni mwake. Akafanya alichoweza, yaani kugombana, ila safari hii kwa faida.

"Ubishi basi," alisema. "Wapige huo wimbo wa Fisi, tuukanyage wote. Ukiwa mbovu, miguu itakataa yenyewe. Na mwamuzi naye acheze."

Sungura akajibu kwamba mwamuzi hachezi.

"Albamu unayoiota usiku, ikipigwa mchana utakaa umeegemea mtungi?"

Wanyama wakacheka, wakamgeukia. Sungura akainuka taratibu, ameshika kiuno.

Radi ya Kinamasi wakaanza. Bi Kanga aliukunja mdomo kabla ya gitaa la kwanza, kusudi aonekane. Lakini miguu yake iliondoka bila ruhusa. Aliitazama kwa aibu, kama mama anayeona watoto wake wakimsalimia jirani aliyekosana naye. Ardhi ikatikisika. Simba akatingisha manyoya. Sungura, kwa kuogopa kuulizwa lolote, aliruka juu kuliko wote akisema hapa ndipo anapopapenda, hapa hasa.

Ghafla bendi ikanyamaza.

Fisi alisimama na mguu mmoja hewani, amefumba macho. Waliomsikia angalau kwa sikio moja nao walisimama. Nyika nzima ikawa kimya, na ndani ya kimya hicho zikasikika sauti mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya miguu ya Bi Kanga, kwata, kwata, kwata, peke yake. Shabiki wa kwanza, wa mstari wa mbele, hakuwahi kuufikia wimbo huo. Alisimama huku ngozi ya shingo yake ikiwaka moto.

Ya pili ilitoka kwenye tumbo la Sungura, aliyekuwa akishuka kutoka kwenye kuruka kwake. Chubwi. Akaruka tena. Chubwi.

"Hiyo ni ala gani?" aliuliza Simba.

Mahali ambapo kila tumbo lilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma, hakuna aliyehitaji kujibiwa. Fisi alifunua mtungi, akaingiza kichwa hadi mabegani, akakitoa kikavu na mrija umemning'inia puani. Sungura akajaribu kukimbia, lakini nani aliwahi kuona kiriba kilichojaa kikikimbia? Alibingirika, akakomea kwenye mguu wa Simba.

"Nilikuwa nalainisha koo, Mzee," alisema. "Uamuzi unakausha."

Simba akamtupa pale udongo ulipolegea, achimbe shimo mbele ya wote, na anywe wa mwisho, baada ya Kobe. Kobe alikuwa bado hajaanza safari ya kwenda kisimani. Hakuna aliyemhukumu Bi Kanga. Alijishusha shimoni mwenyewe, akaparura kando ya Sungura bila neno, jambo ambalo wengine walilishangaa kuliko wizi.

Bendi ikarudi kwa kishindo, kama Fisi alivyoahidi. Mchanga ukawa tope, tope jeupe, na maji yakaruka. Mdomo wa kwanza kuyagusa ulikuwa wa yule kifaranga, akishikiliwa na mama yake. Akameza, akapiga chafya, akaomba mengine.

Tangu siku ile akina mama wa nyika huwaambia watoto wao: wimbo usiousikiliza mpaka mwisho usiuseme, na kama una maji ya wizi tumboni, usicheze.

Bi Kanga alitoka kisimani ametapakaa matone meupe juu ya madoa yake ya zamani. Siku hizi ukimkuta barazani atakuambia: hayo mengine yaache, siku ya albamu ya kwanza nilikuwa bado yai, lakini haya ya bawa hili yalinirukia bendi ilipopiga "Magoti ya Mvua", nami nilikuwa mbele kabisa. Ndiyo habari pekee ya kweli aliyowahi kuisimulia, na nyika nzima humcheka. Kobe tu hamcheki. Yeye bado anamalizia kuwaeleza habari ya lile yai.