Kidevu cha Bi Somoe

Maiti hajifungi kidevu.

Leo fundi alipoukuta mtungi wa maji umepasuka, kila mmoja wenu akamtazama mwenzake, naye akawaambia neno hilo. Mlicheka, kisha mkaniuliza kalitoa wapi neno la kutisha namna hiyo. Mimi nimelisikia Tanga, nimelisikia na Kigoma, lakini lilizaliwa Dar es Salaam, Kariakoo, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, mali ya mjane aliyeitwa Bi Somoe. Hakuzaa. Alimlea Kombo, mtoto wa marehemu dada yake, hata akawa mtu mzima akahamia Temeke. Katika wapangaji wake alikuwamo Mashavu, mwanamke kijana aliyempikia uji kila jioni. Alikuwamo pia Bi Kirembwe, mtu wa maswali. Kuku akipotea, yeye ndiye aliyezunguka mtaa akiuliza mpaka manyoya yapatikane. Watu walimwita Inspekta, kwa kumcheka.

Ikawa harusi mtaa wa pili. Nyumba nzima ilihamia huko kukesha. Mashavu alimwachia bibi uji wake, akaenda na Bi Kirembwe, wakarudi pamoja jua limeshachomoza. Akabisha hodi kwa bibi. Kimya. Akasukuma mlango. Bi Somoe alikuwa amelala chali, shuka imemfika kifuani, kitambaa cheupe kimepita chini ya kidevu na kufungwa utosini. Mashavu alidhani bibi anaumwa jino. Akamgusa shavu ili amuulize, nalo lilikuwa baridi kama sakafu.

Alipopiga ukelele, wanawake walijaa chumbani. Wote walikiona kile kitambaa, na hakuna aliyekishangaa. Ndivyo afanyiwavyo maiti kwetu: anafumbwa macho, anafungwa kidevu, asiende kaburini kinywa wazi. Kila aliyeingia alidhani kwamba aliyemtangulia ndiye aliyefanya.

Kombo aliitwa. Alifika akaanguka barazani, akalia, akakataa kuingia ndani. Alipotulia kidogo akasema, "Mama yangu juzi alikuwa mzima. Nani alimlisha?"

Neno "uji" likakimbia kutoka baraza hadi uani. Vijana wakamtia Mashavu jikoni na kumzibia mlango. Baada ya mazishi watampeleka kituoni, walisema, kama atafika.

Bi Kirembwe alikuwa chumbani, akiwashikia waosha pazia.

"Amekakamaa kama mwiko," alisema Bi Hanuni, mkubwa wa waosha. "Bahati aliyemfunga kidevu alimwahi akiwa laini. Kwa sasa hivi, kinywa kisingefumba tena."

"Kwani si wewe uliyemfunga?"

"Nimfunge saa ngapi? Nimemkuta hivi."

Bi Kirembwe akatokea ukumbini. "Jamani, nani alimfunga Bi Somoe kidevu?"

"Inspekta huyoo!" mmoja akamdhihaki. "Kesho utauliza nani alimwamsha jogoo."

"Nauliza, nani?"

"Si Mwanahawa?"

"Mie? Nilidhani Bi Zaina."

"Mie nilikuwa nyuma yako, shoga! Ulinikanyaga!"

Kicheko kikakatika. Kidole kilizunguka ukumbi wote, kikarudi kilikoanzia. Ndipo kikongwe mmoja pale pembeni akanong'ona, "Hakuzaa. Hakuwa na wa kumfunga. Kajifunga mwenyewe."

Wanawake wakavuta miguu yao ndani ya kanga. Nyuma ya pazia kata ya kutekea maji ilianguka, na hakuna mwosha aliyesema ni yeye aliyeiangusha. Maji yakasikika yakichuruzika sakafuni, taratibu, yakifuata mlango. Wawili watatu walitafuta viatu vyao wakaondoka bila kuaga.

Bi Kirembwe naye nywele zilimsimama. Ila alikuwa na tabia ya kuuliza hata anapoogopa. Aliyemfunga alikuwapo mwili ungali na joto, kisha akaenda zake kimya. Mashavu wakati huo alikuwa naye harusini. Mwizi? Mwizi hamsitiri maiti, hukimbia. Huyu alifunga vizuri, akafunika na shuka. Huyu alimpenda.

Akatokea barazani, akachuchumaa mbele ya Kombo.

"Pole, mwanangu. Ingia umuage mama."

"Siwezi, Bi Kirembwe. Sitaki kumwona."

"Afadhali usimwone. Hakupata wa kumfunga kidevu. Sasa kakauka. Atazikwa kinywa wazi, kama mtu aliyelea mawe."

Kombo alisimama wima. "Uongo! Nimemfunga mwenyewe, kwa mikono yangu, na nimemsomea!"

Tasbihi zikasimama vidoleni. Shehe wa mtaa akauliza polepole, "Umemfunga lini, Kombo, nawe hujavuka kizingiti?"

Kombo aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine aliyekaa karibu naye. Akaketi. Akasema alipitia mlango wa uani watu wakiwa harusini. Alitaka nyumba iuzwe, mama akakataa, maneno yakazidi, mto wa kitandani ukawa karibu.

"Alibaki kinywa wazi," alisema, "kama anataka kuniita kula. Ningemwachaje vile? Ni mama yangu."

Askari walipokuja hakukimbia. Jikoni mlango ulifunguliwa. Mashavu alinawa uso, akaingia nyuma ya pazia, akaiokota ile kata na kuanza kumtekea Bi Hanuni maji.

Kombo angemwacha bibi vile alivyokufa, Mashavu ndiye angebeba kifo kile, na mtaa ungelala usingizi. Ndiyo maana wa Kariakoo hawakukubali tena kuambiwa kwamba jambo limejifanya lenyewe. Kila mtu akimnyooshea mwenzake kidole, na wengine wakianza kuwasingizia mashetani, wao huangalia ni nani anayelia kuliko wote, kisha husema bila kupaza sauti: maiti hajifungi kidevu.