Fuko na Mizizi Myeupe

Paukwa!
Pakawa!
Aa, itikieni vizuri, ngano yenyewe ni ya msiba.

Hapo zamani za kale, huko nyikani, Fuko mama aliishi chini ya mgunga na wanawe wawili. Juu hakukujua. Dunia yake ilikuwa mizizi. Mizizi minene, mikongwe, iliyoushika mti. Na mizizi myembamba kama uzi: leo inachipua, msimu ukipita inakufa, mingine inashika zamu.

Mafuko walikuwa na mwiko wao. Mzizi mweupe u hai, uache. Mzizi mweusi umekufa, kula, na jirani yako Jongoo umwachie fungu lake.

Mwaka huo mvua ikagoma. Mizizi iliyokufa ikaliwa ikaisha. Watoto wakalia, "Mama, njaa! Mama, njaa!" Fuko akautazama mzizi mweupe. Akautazama tena.

Kwaruu, kwaruu.

"Bi Fuko!" Jongoo akashtuka. "Huo haujamaliza siku zake."

"Siku zenyewe ngapi? Si utakufa tu? Minene sijaigusa, jirani. Minene ndiyo mti."

"Minene inashika. Myembamba ndiyo inayokunywa."

"Wewe wanao hawalii, Jongoo."

Jongoo akajikunja, akaenda zake.

Kesho mmoja. Keshokutwa miwili. Kwaruu, kwaruu, mpaka mweupe haukubaki hata mmoja.

Kisha mvua ikaja. Chururu, chururu! Fuko akafurahi, maskini. "Sasa itachipua," akawaambia wanawe. Akangoja. Haikuchipua. Maji yakapita kando ya mizizi minene, yakazama zake, maana mgunga ulikuwa umekwisha kukauka. Upepo ukavuma. Mti ukalia kaa, kaa, kaa... gwaa! Minene ikang'oka na udongo wake, shimo likafumuka, tope likajaa chumba cha watoto.

Fuko akachimba. Akachimba, akachimba, hata kucha zikamtoka. Aliwapata wanawe, lakini walikuwa wamekwisha kupoa.

Jongoo akaja polepole. Hakumlaumu. "Mizizi yote ni myeusi sasa, Bi Fuko. Kula."

Fuko hakula. Alikaa pale, chakula kimemzunguka pande zote, asitie kitu kinywani.

Basi, wakubwa kwa wadogo, sikieni: chenye maisha mafupi kina kazi yake, na ukikikatiza kabla ya siku zake utaangusha na kile kinachodumu.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya gogo la mgunga. Anayetaka kulia, na alie.