Sugu za Magoti ya Ngiri

Nyamazeni kidogo. Asubuhi mlimwona ngiri nyuma ya shamba akila majani huku amepiga magoti, mkaangua kicheko mpaka akatimua mbio mkia juu. Mimi sikucheka, na kusema kweli mliniudhi. Endeleeni kubambua kunde hizo, nami nitawaambia yale magoti yalianzaje.

Zamani, kabla ng'ombe hajaijua mbuga hii, Ngiri alikuwa mtawala wa wanyama wote. Hakuwa huyu mnayemwona amejipaka tope. Alikaa juu ya kichuguu kirefu, na magoti yake yalikuwa laini kama ya mtoto mchanga. Wenzake walimchimbia mizizi, wakaisafisha, wakapiga magoti na kumlisha mdomoni. Yale meno yake yaliyopinda yalikuwa ya kutazamwa tu. Na ilikuwapo mila moja iliyoogopwa kuliko simba: mtawala akigusa ardhi kwa goti, si mtawala tena. Kiti kimekwenda.

Mlinzi wa mila hiyo alikuwa Kongoni. Uso wake mrefu mnaujua. Maneno yake yalikuwa marefu zaidi.

Basi mwaka mmoja mvua ikagoma. Chemchemi ilikauka, tope lake likawa gumu kama sakafu. Wanyama walikwaruza mpaka kwato zikapasuka. Maji yalikuwapo chini, waliyanusa kabisa, lakini hakuna kwato iliyoyafikia. Kila mmoja aliona kwamba kazi ile ilitaka meno ya Ngiri. Nani angethubutu kumwambia? Walikitazama kichuguu, wakainamisha macho. Hata leo siamini: watu wazima wanakufa kiu kwa sababu ya adabu!

Ndipo Mama Digidigi akafika mbele ya kichuguu, akimsukuma mwanawe kwa pua. Mtoto hakuweza kusimama, ulimi umemvimba. Mama akapiga magoti kama ilivyopasa, lakini salamu zote zikamtoka kichwani.

"Mtukufu, mwanangu haioni jioni ya leo."

Kongoni akang'aka. "We mama! Ndivyo unavyosema na Mtukufu? Anza upya, na salamu zako!"

Na yule mama, jamani, akaanza upya. Mtoto anakata roho pale miguuni pake, naye anasalimu.

"Shikamoo, Mtukufu wetu, mwenye mbuga..."

Hakumaliza, kwa sababu Ngiri alikuwa anateremka. Hakuna aliyewahi kumwona akiteremka mchana watu wakitazama. Alipita katikati yao hadi kwenye chemchemi, akainama. Shingo yake ni fupi, mnaijua, na meno hayakufika chini. Akajinyoosha, akageuka na kukitazama kichuguu chake. Alikitazama kwa muda. Kisha akashuka kwa magoti yote mawili, pu!

Mimi nikifika hapa mwili hunisisimka. Twiga alifumba macho asione. Pundamilia walilia kwa sauti kama waliofiwa. Kongoni alitetemeka mpaka pembe zikagongana na matawi.

"Inuka! Inuka upesi, Mtukufu! Tutasema umejikwaa!"

"Sikujikwaa," Ngiri akasema. "Nimepiga magoti, na wote mmeona. Sogeeni nichimbe."

Akachimba. Alijikokota kwa magoti huku meno yakivunja tope, ngozi ikachubuka, damu ikachora mistari ardhini. Hakuna aliyemsaidia, si kwa ubaya, walikuwa hawajaamini macho yao. Maji yalipochuruzika, Ngiri alimwita Mama Digidigi amlete mtoto kwanza. Kisha akawapisha wengine, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Yeye alikunywa mwisho, matope matupu.

Mtoto wa Digidigi alisimama. Alisimama na kupiga chafya!

Wakati huo sauti ikatoka juu. Kongoni alikuwa ameshapanda kichuguu.

"Kiti kiko wazi, na mila ni mila. Njooni mnipigie magoti!"

Hakuna aliyegeuka. Wanyama wote walikuwa chini kwenye chemchemi, wamepiga magoti kando ya Ngiri, wakizoa tope alilolivunja ili shimo lipanuke.

Na tangu siku hiyo ngiri hula na kuchimba akiwa amepiga magoti. Yale majeraha yaligeuka sugu, na hata watoto wake huzaliwa nazo. Mkibisha, mkamtazame kitoto chake. Kiti chake hakukidai tena, na hakuna mnyama aliyemuuliza. Mwenye kiu alijua pa kumkuta.

Naye kongoni, mkipita mbugani mtamwona bado, peke yake juu ya kichuguu, anageuza shingo huku na huku. Anatafuta wa kumpigia yeye magoti. Mpaka leo hajampata hata mmoja.