Bi Siwatu na Uwanja Uliochorwa Majivu

Paukwa!

Pakawa!

Waliojibu ni wawili tu. Wengine mmelala, au mna muhogo mdomoni? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni. Mimi nimezunguka nchi nyingi, nimekula kwa watu, nimelala kwa watu, na mali niliyorudi nayo ni tumbo hili na hadithi. Tumbo mnaliona. Hadithi ndiyo hii.

Zamani hizo, babu wa babu zetu wakiwa bado hawajaota hata jino, palikuwa na kijiji. Nyumba zake zilikaa duara, milango yote ikitazama ndani, na katikati palikuwa na uwanja. Uwanja haukuwa wa mtu. Asubuhi wanawake walianika mtama. Mchana kuku walipekua. Jioni mikeka ilitandikwa, na mwenye habari aliileta pale, hata kama habari yenyewe ni ya uongo.

Siku moja mama mmoja, jina lake Mwanaidi, alianika mtama wake akaingia ndani kutazama chungu. Mbuzi wa Mzee Pazi akaja. Kwacha, kwacha, kwacha. Mwanaidi alipotoka, mkeka ulikuwa mtupu na mbuzi anajilamba.

Mwanaidi akaenda kudai mtama wake. Sasa huyo Mzee Pazi alikuwa mtu wa maneno, hakosi jibu hata usingizini. Akamwambia, "Uwanja ni wa wote, binti yangu. Na mbuzi wangu ni mmoja wa hao wote."

Nyinyi mnacheka. Mwanaidi hakucheka. Alirudi jikoni, akachota majivu, akachora mstari kuzunguka mbele ya nyumba yake. Akasema kuanzia hapo ni kwake, na Pazi amfundishe mbuzi wake kuuona. Mzee Pazi naye akachora wake. Jirani wa Pazi akaona asije akaachwa bila kitu, akachora. Kufika jioni uwanja mzima ulikuwa umekatwa vipande kama mkate wa kumimina kwenye sinia. Waliopungukiwa majivu waliazima kwa jirani, ili wamzuie jirani huyohuyo.

Basi kila mtu akafagia ndani ya mstari wake. Taka akazisukuma mpaka ukingoni. Jirani naye akasukuma zake. Mipakani taka zikapanda, majani yakaota. Mvua ikifuta mistari, watu waliichora upya asubuhi kabla hawajapiga mswaki. Jioni kila mmoja alikaa kwenye mkeka wake na watu wake, wakitazamana kwa mbali kama kuku waliofungwa miguu sokoni.

Katika kijiji hicho aliishi bibi kizee, Bi Siwatu. Mguu wake mmoja ulikuwa umekakamaa. Alitembea kwa mkongojo, na kwake kwenda kisimani ilikuwa safari. Alikuwa na mjukuu mmoja, Tatu. Mama yake Tatu alifariki mtoto akingali mchanga, na bibi ndiye aliyemlea. Sasa Tatu alikuwa amechumbiwa na kijana wa ng'ambo ya mto.

Mshenga akaja kupanga harusi. Akasimama, akautazama ule uwanja, mistari, taka, majani. Kwa adabu akasema ngoma ya kwao ina wachezaji wengi na haichezwi kwa kuruka mipaka. Kama hapa hapana nafasi, harusi itafanywa kwao, ng'ambo. Akaaga.

Tatu akamtazama bibi yake. Bibi akautazama mguu wake. Ng'ambo ya mto ni milima miwili na kivuko cha mawe.

"Sitaolewa, Bibi," Tatu akasema.

"Utaolewa. Na mimi nitakuwepo. Nenda ukachote maji."

Bi Siwatu akaenda nyumba kwa nyumba. Ngo, ngo, ngo, mkongojo. Akamwomba Mwanaidi afute mstari kwa ajili ya harusi. Mwanaidi akasema atafuta, ila aanze Pazi. Akaenda kwa Pazi. Pazi akasema atafuta, ila aanze Mwanaidi. Wengine wakasema watafuta wale wawili wakishafuta. Kijiji kizima kilikubali, na hakuna aliyeinama.

Alfajiri iliyofuata, Bi Siwatu akashika ufagio mkono mmoja, mkongojo mkono mwingine. Fya, fya, fya. Akafagia kwake. Alipofika kwenye mstari hakusimama. Akavuka hatua moja kwa Mwanaidi. Fya, fya, fya. Akazoa zile taka, akaenda kuzitupa kwenye shimo la migomba yake. Kesho yake akavuka hatua moja kwa jirani wa upande wa pili. Fya, fya, fya.

Hapo kijiji kikachafuka. Kufagia kwa mtu bila kutumwa si jambo dogo. Vumbi la nyayo zako likichukuliwa na mwingine, wajuao wanajua linakopelekwa! Mwanaidi akaanza kuumwa kichwa. Jirani wa upande wa pili akakumbuka kwamba kuku wake ametaga yai dogo. Walioshindwa kupata ugonjwa wakaazima. Neno likapita: Bi Siwatu anakusanya nyayo za watu. Na mnajua wenyewe, nani ataoa katika nyumba yenye neno kama hilo? Lingevuka mto kabla ya mshenga.

Ikaitwa baraza. Lakini baraza wapi? Hapana aliyekubali kuingia kwa mwenzake. Basi kila mtu akasimama ndani ya mstari wake. Bi Siwatu akatoa kigoda, akaketi mlangoni kwake. Mzee Pazi, aliyejiteua kuwa hakimu, akapaza sauti kutoka ule upande wa mbali, akamtaka aseme anafagia nyayo za watu kwa nini.

Bi Siwatu akafungua mdomo, akasema. Midomo ilionekana ikicheza. Sauti haikufika.

Pazi akamwomba aongeze sauti. Bibi akajibu, na hata jibu lenyewe halikusikika. Mwanaidi, aliyekuwa karibu, akasema bibi anasema koo ni la kizee, anayetaka kusikia asogee. Sasa, nani angekubali kuletewa maneno na Mwanaidi? Pazi akasogea hatua moja. Jirani yake akaona Pazi atasikia peke yake, naye akasogea. Wa nyuma wakasukuma.

Bi Siwatu akasimulia pole pole, na kila walivyosogea, sauti ikazidi kushuka. Alisimulia mama yake Tatu alivyofariki. Alisema mtoto alilia njaa, na Mwanaidi, ambaye alikuwa na mwana wake kifuani, akawanyonyesha wote wawili.

Watu wakasogea.

Akasema Mwanaidi alipougua, maziwa yalitoka kwenye zizi la Pazi, kila asubuhi, na Pazi hakuwahi kuyataja.

Pazi akajikohoza. Watu wakasogea.

Akasema mtoto alipoanza kusimama, alisimamia pale uwanjani. Dede, dede, akaanguka. Akiangukia mlangoni kwa mtu, mwenye mlango huo alimwinua. "Mimi na mguu huu ningemkimbilia vipi?" akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Nyinyi ndio mliomfundisha kutembea. Sasa anaondoka kwetu, na hapana mahali pa kumuaga. Nimeona nifagie. Kama hamtaki nione harusi yake, niambieni, nitauweka ufagio."

Mzee Pazi alikuwa ameinama mbele ya kigoda, sikio limeelekea kwa bibi, mkono wake begani mwa Mwanaidi asianguke. Bi Siwatu akamtazama.

"Pazi, umesimama kwa nani?"

Pazi akatazama chini. Wote wakatazama chini. Majivu yalikuwa yameganda kwenye nyayo zao. Mstari haukuonekana hata mmoja, wa Mwanaidi wala wa Pazi, wala wa wale waliosema watafuta wakiona wengine wamefuta.

Mwanaidi ndiye aliyeanza kucheka. Akamwambia Pazi, "Babu, mbuzi wako kajifunza kwako kuingia kwa watu." Pazi, yule asiyekosa jibu, akakosa. Akaenda kwake, akarudi na kikapu cha mtama, akakiweka mlangoni kwa Mwanaidi.

Siku hiyo kijiji kizima kilifagia. Fya fya fya fya, vumbi likapanda juu ya mapaa. Mshenga akaitwa tena.

Harusi ilichezwa pale. Ngoma ya ng'ambo kweli ilikuwa na wachezaji wengi, waliujaza uwanja mpaka milangoni. Tatu alipotolewa nje, alipita mlango kwa mlango kuaga, na katika kila mlango kulikuwa na mtu wa kumshika. Bi Siwatu alikuwa ameketi mbele kabisa, anapiga makofi nje ya mdundo. Hapana aliyethubutu kumsahihisha.

Funzo lake, ndugu zangu, ni hili: mahali pa wote hapafi kwa kukosa mwenyewe. Hufa pale kila mmoja anapomsubiri mwenziwe ainame kwanza. Ukiona hivyo, chukua ufagio, uvuke hatua moja, na wakikusema, waache waseme karibu.

Hadithi yangu naitua hapo. Anayeitaka aibebe, mimi mgongo unaniuma.