Alhamisi ya Kuvua

Siku ya Jumatatu, tarehe tatu ya mwezi wa Machi, katika mwaka wa arobaini na mbili baada ya Mvua Kubwa, Bi. Mdiria binti Mzamio wa Matete aliitwa nyumbani kwa Nyati kuandika kumbukumbu za mkutano.

Katika zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na makomeo, nao walivaa nguo kama sisi. Nyati alivaa kanzu, na juu yake joho la mwenyekiti. Chui alivaa koti la sufu lenye vifungo sita. Fisi alivaa suruali iliyompwaya na fulana nzito aliyofumiwa na mkewe. Mdiria, yule ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu, hakuvaa kitu ila manyoya yake. Lakini katika nchi yote ile ni yeye peke yake aliyejua kusoma na kuandika.

"Katibu, kaa," alisema Nyati. "Tunapanga safari ya Ziwa Kimya."

Moyo wa Mdiria ukafanya pu! Ziwa Kimya lilikuwa juu kabisa mlimani, limetulia kati ya majabali kama maziwa ndani ya kibuyu. Maji yake hayakuwa na wimbi. Mawingu yalishuka asubuhi kunywa, yakalala juu yake, yakasahau kuondoka. Katika ukingo wa ziwa hilo Mdiria alikuwa na tundu lake, na ndani ya tundu makinda watano ambao walikuwa hawajafumbua macho.

"Mnakwenda kutembea, Bwana Mwenyekiti?" aliuliza.

"Kutembea!" alicheka Fisi. "Hi hi hii! Tazama kule pembeni, mama."

Pembeni palikuwa na juya jipya, ule wavu mkubwa wa kukokota samaki, limekunjwa likafika darini. Matundu yake yalikuwa madogo hata punje ya mtama isingepita.

"Tutalizungusha ziwa zima," alisema Chui, akijilamba. "Wakubwa kwa wadogo. Hatuachi hata dagaa mmoja."

"Na wanangu watakula nini?"

"Mbu," alijibu Chui. "Mbu wana nyama, ukiwakusanya wengi."

Wote watatu wakacheka mpaka kioo cha taa kikatikisika. Mdiria hakucheka wala hakulia. Alikunjua karatasi, akachovya kalamu katika wino.

"Bwana Mwenyekiti, mnaikumbuka desturi ya ziwa?"

"Nani asiyeikumbuka!" alisema Nyati. Tangu enzi za mababu, kila aliyefika ziwani alitaja kazi iliyompeleka, mara moja tu, kisha akaifanya kama alivyoitaja. Aliyefanya vingine, ukungu ulimfunika, asiione tena njia ya kwao.

"Basi kazi yenu niiandike vizuri. Mnakwenda kufanya nini?"

"Kuvua," alisema Nyati.

"Kuvua nini, niandike?"

"Eti kuvua nini!" alifoka Chui. "Kuvua ni kuvua! Usitujazie karatasi maneno, Bi. Mdiria. Hulipwi kwa neno."

"Nimekuuliza kwa mara ya pili, Bwana Mwenyekiti. Kuvua nini?"

Nyati akapiga meza kwato, ngo! "Andika kuvua, weka nukta!"

Mdiria akaandika, akaweka nukta, akawasomea: "Imeamuliwa kwamba wajumbe watatu wataondoka kwenda Ziwa Kimya siku ya Alhamisi, tarehe sita Machi, kuvua." Nyati akatia alama ya kwato. Chui akatia alama ya kucha. Fisi akatia alama ya pua, kwa kuwa alikuwa akiinusa karatasi.

Alhamisi ikafika. Watatu wale walipanda tangu alfajiri, juya mabegani, na kadiri walivyopanda ndivyo dunia ilivyozidi kunyamaza. Miti ilipungua zikabaki nyasi. Nyasi zikapungua yakabaki majabali. Hatua zao wenyewe walizisikia kwa mbali, kana kwamba wengine watatu walikuwa wakitembea mahali pengine. Kisha ukungu ukafunguka kidogo, na ziwa likaonekana, jeupe, lisilo na mwisho, nao hawakujua tena kama wanatazama maji au wanatazama mbingu.

"Ni pazuri," alinong'ona Fisi. "Nahisi kama niliwahi kupaota hapa."

"Shika kamba," alisema Chui.

Hapo ndipo sauti ilipotoka katika ukungu, ikagonga jabali hili, ikagonga jabali lile, ikarudi ikiwa kubwa kuliko mlima.

"Mmekuja kufaanya niniii?"

Nyati akavuta pumzi, akajibu kwa heshima zote: "Kuvua!"

"Vueniii!"

Wakalikunjua juya, pwaa! Sauti ikanguruma: "Huko ni kutupa! Mmesema kuvua. Mwenyekiti, vua johooo!"

Nyati akamtazama Chui. Chui akamtazama Fisi. Fisi akalitazama juya.

"Samahani, Ewe Ukungu," alisema Chui. "Sisi tumekuja kuvua samaki."

"Karatasi isomweee!"

Sauti ikakatika. Chubwi! Upande wa pili wa matete ya ukingoni Mdiria akaibuka, amelowa, karatasi mdomoni.

"Mmeniita, mabwana? Nilikuwa nyumbani kwangu hapa." Akaitandaza juu ya jiwe, akasoma neno kwa neno mpaka mwisho. "'Siku ya Alhamisi, tarehe sita Machi, kuvua.' Nukta."

"Neno samaki liko wapi?" aliuliza Chui.

"Halipo, bwana. Niliuliza mara mbili."

Akaruka, akapotea. Fisi akakuna sikio. "Bwana Mwenyekiti, mbona Katibu akija Ukungu unanyamaza, na akiondoka unasema?"

"Hiyo ni heshima kwa maandishi, Ndugu Fisi," alijibu Nyati. "Hujui utaratibu wewe."

"Johooo!" sauti ikarudi. Ukungu nao ukawasogelea, laini, baridi, ukiwagusa magoti.

Nyati akavua joho, akavua kanzu. Chui akafungua vifungo sita kimoja kimoja, akitukana kimoyomoyo. Fisi akavuta fulana ikamkwama kichwani, akazungukazunguka kama pia mpaka ikatoka, kisha akavua suruali.

"Hi hi hi," alicheka Fisi, lakini safari hii yalikuwa meno tu, yakigongana te-te-te-te.

"Mmevuaaa," ilisema sauti, na sasa ilikuwa ya upole kama ya mama anayebembeleza mtoto. "Neno lenu limetimia. Rudini salama. Atakayegusa alichokivua atakuwa amevunja nenooo."

Baridi ya mlima haina mzaha. Walijifunika kitu pekee walichokuwa wamebaki nacho, lile juya, wote watatu ndani yake. Huyu akivutia huku, yule kule, kraa, kraa, likachanika juu ya kila jabali, na walipofika bondeni mabegani mwao zilibaki nyuzi tupu. Wanyama wengine, walipomwona mwenyekiti wao yu uchi, waliona si adabu kumzidi kwa mavazi. Nao wakavua.

Juu kule, makinda watano walifumbua macho kwa mara ya kwanza ndani ya mfuko wa koti la Chui, mahali penye joto. Wakaona weupe. Wakaona mama yao akishuka kutoka katika weupe ule na samaki mmoja mdogo mdomoni, anayewatosha.

Funzo ni hili: usitie alama kwenye neno kabla hujauliza lina maana ngapi.

Fisi, wajukuu wake walipomwuliza kwa nini wanyama hawavai nguo, aliwaambia kwamba waliibiwa na Mdiria siku ya Ijumaa, na wengi wanaisimulia hivyo hadi leo. Si kweli. Ilikuwa Alhamisi, tarehe sita Machi, kabla ya adhuhuri, wala hakuna aliyewaibia hata kifungo. Walivua wenyewe.